Ahadi ni Deni, Hata Kwenye Bango la Kanisa

Somo: Wakolosai 2:13-15, Luka 14:25-33, 2 Wakorintho 4:1-2



Mfululizo wetu wa mahubiri wa "Deni Limefutwa" ulimalizika Jumapili iliyopita, baada ya wiki tano. Mimi ndiye niliyeupanga, na mimi ndiye niliyeutangaza. Wengi mmenipongeza, na ninawashukuru. Lakini mchungaji wetu mkuu ameniomba niandike hapa kile nilichosema madhabahuni Jumapili ya pili, bila kupunguza, kwa sababu kamati inakaa mwezi ujao kupanga mfululizo mwingine, na hatutaki kurudia kosa. Kwa hivyo leo sitawaletea muhtasari wa mahubiri. Nitawaletea swali lililoninyima usingizi: tunapowaalika watu waje kusikia Neno, tunaruhusiwa kuwaambia nini?

Jinsi tulivyopanga

Mnaonijua mnajua nilisomea biashara, na kabla sijaingia kwenye huduma nilifanya kazi ya mauzo miaka minne. Nilipokabidhiwa kupanga mahubiri ya mwanzo wa mwaka, nilishika kalenda na kalamu. Si tunajua Januari ilivyo? Wenyewe tumeibatiza Njaanuari. Karo, sare, kodi ya nyumba, na madeni ya Krismasi yote yanakutana mlangoni siku moja. Niliwaomba viongozi wa vikundi vya nyumbani waniletee mahitaji ya maombi waliyoyaandika kuanzia Oktoba. Nilisoma karatasi zile moja baada ya nyingine. Ugonjwa ulikuwepo, ndoa zilikuwepo, lakini kilichojirudia zaidi ya vyote ni deni. Deni la duka, deni la chama, deni la shemeji, na zaidi ya yote deni la simu, ile mikopo ya haraka unayopata kabla chai haijapoa na kuilipa mpaka unakonda.

Basi tukapata mada. Wiki ya kwanza: deni la dhambi, na ile hati ambayo Paulo anawaambia Wakolosai kwamba Kristo aliiondoa akaigongomea msalabani. Wiki ya pili: yule mtumwa wa Mathayo 18 aliyesamehewa deni kubwa akaenda kumkaba mwenzake kwa deni dogo. Wiki ya tatu: mjane wa 2 Wafalme 4 ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe. Wiki ya nne: deni la kupendana, Warumi 13. Wiki ya tano: Paulo anayejiita mdeni wa watu ambao hata hawajamkopesha, Warumi 1:14. Mpaka hapo sioni kosa, na hata leo ningeupanga hivyo hivyo. Tuliomba, tukafunga, tukagawana kazi.

Kosa lilianza tulipofika kwenye matangazo.

Nilitaka kitu cha kumfanya mtu asimame. Chuoni tulifundishwa kwamba mteja ana sekunde chache tu za kukutazama, na usipomshika hapo umempoteza. Nikakaa na vijana wa timu ya midia, tukaja na wazo ambalo sote tuliliona la ajabu. Tuandike tangazo linalofanana na ule ujumbe ambao kila mtu hapa mtaani anauogopa, ujumbe wa mkopo. Lakini huu uwe wa furaha. Siku ya Alhamisi jioni tukautuma kwa nambari zote zilizo kwenye daftari la wageni la miaka miwili iliyopita. Ulisema hivi:

"Mpendwa, deni lako LOTE limelipwa. Salio: 0. Fika kanisani Jumapili saa nne asubuhi uchukue risiti yako."

Bango la steji lilikuwa na maneno hayo hayo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "Wakolosai 2:14". Tulichapisha pia risiti ndogo za karatasi zenye msalaba na maneno "Imelipwa", moja kwa kila atakayeingia.

Jumapili ikafika. Tuliazima viti vya shule jirani na bado watu wakasimama. Nilihubiri kwa nguvu, Mungu shahidi. Nilipoita watu mbele, walikuja 14. Jioni hiyo simu yangu haikunyamaza kwa pongezi.

Mama na risiti

Ibada ya pili ilipokwisha, mhudumu wa mlangoni aliniambia kuna mama anayengoja ofisini. Nilimkuta ameketi na mtoto wa kama miaka tisa, ana ile risiti yetu mkononi. Alisimama akanisalimia vizuri, akanishukuru kwa mahubiri. Kisha akauliza, "Pasta, sasa hii nitampelekea nani?"

Sikuelewa. Akanieleza pole pole, kama mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani. Yeye si mshirika wetu. Alikuja kwetu mara moja, Desemba ya juzi, tulipogawa unga na mafuta ya kupikia, na siku hiyo akaandika nambari yake kwenye daftari. Ana mkopo wa simu. Ijumaa alipaswa kulipa shilingi 1,800 na alikuwa nazo, amezitenga. Alhamisi jioni ujumbe wetu ukaingia, una jina la kanisa. Kanisa lililompa unga sasa limemlipia deni. Kwani si inawezekana? Ijumaa asubuhi alichukua zile pesa, akamnunulia mtoto viatu vya shule na kumlipia chakula cha mchana shuleni. Jumamosi mdai akatuma ujumbe wa faini. Akajiambia, pengine malipo ya kanisa bado hayajafika. Jumapili akaja.

Kisha akasema, bila hasira, "Nimetoa na sadaka ya shukrani, Pasta. Mia mbili. Kwa sababu mmenilipia."

Nilianza kumweleza. Nilimwambia deni tulilomaanisha ni la dhambi, kwamba ni mfano, kwamba aya ilikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomwambia kwamba tutamrudishia ile sadaka na kulipa ile awamu pamoja na faini, alisema, "Pesa nitachukua, kwa sababu ninazihitaji. Lakini tangu Alhamisi nimelala usingizi. Huo ndio sasa sijui."

Alitoka na mtoto wake. Mtoto alikuwa amevaa vile viatu.

Kwani deni halijafutwa?

Jioni nilimpigia mchungaji mkuu nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Pasta, huyo mama amedanganywa na nani?"

Nilijitetea. Nilisema kila neno kwenye ule ujumbe ni kweli. Kristo amelipa deni. Salio ni sufuri. Hiyo ni injili yenyewe! Na aya iliandikwa kwenye bango.

Akaniuliza, "Hiyo aya anaielewa nani akiiona?"

Nikanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Anayeielewa ni mtu aliyeokoka. Mshirika wetu alipopata ule ujumbe alitabasamu, akasema, "Hawa vijana wetu!" Alijua ni tangazo. Yule ambaye hajui Wakolosai 2:14, yaani yule hasa tuliyekuwa tunamtafuta, ndiye aliyeusoma kama ulivyoandikwa. Kwa wa ndani ilikuwa ucheshi. Kwa mgeni ilikuwa uongo. Na kadiri mtu alivyozidi kuwa na shida, ndivyo uongo huo ulivyozidi kumfaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo shahada yangu haikunifundisha. Neno si mali ya anayelisema peke yake. Nusu yake ni ya anayelisikia. Ninaweza kutamka maneno ya kweli, huku nikijua vizuri kwamba sikio la mwenzangu litasikia kitu kingine, na nikafaidika na kile alichosikia. Nikifanya hivyo sijasema kweli. Nimejificha tu nyuma ya kweli. Ndiyo maana Paulo katika 2 Wakorintho 4 hasemi tu kwamba hahubiri uongo. Anasema ameacha mambo ya kujificha, haendi kwa hila, bali anajiweka wazi mbele ya dhamiri ya kila mtu. Kila mtu, pamoja na yule ambaye hajawahi kufungua Biblia.

Makanga wa matatu akikuitia shilingi hamsini, halafu mkifika katikati ya safari akasema ni themanini, anaweza kujitetea kwamba hamsini ni ya wanaoshuka karibu. Gari lilijaa, ndiyo. Lakini muulize abiria kama alialikwa au alitegwa.

Wanaosema tusitangaze kabisa

Habari zilipoenea, mzee mmoja wetu ninayemheshimu sana aliniita kando. Aliniambia, "Kijana wangu, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Roho Mtakatifu ndiye huvuta watu. Achana na mabango."

Nilitamani kukubaliana naye. Ingekuwa rahisi, na ingeonekana kama toba. Lakini nikifungua Biblia sioni hivyo. Chema chenyewe, yaani injili, kiliagizwa kitembee. Bwana alisema enendeni. Habakuki aliambiwa aandike njozi kwenye vibao, aiandike wazi, ili anayesoma aweze kwenda nayo mbio. Yule mwanamke Msamaria aliacha mtungi kisimani akakimbia mjini kuwaita watu. Huo ulikuwa utangazaji, na mji ukatoka. Nehemia alizunguka kuta usiku akizikagua kabla hajamwambia mtu yeyote mpango wake. Kupanga hakumfukuzi Roho.

Na ubunifu je? Manabii walikuwa na ubunifu kuliko timu yangu yote. Yeremia alivunja gudulia mbele ya wazee. Ezekieli alichora mji kwenye tofali akauzingira, akalala ubavu mmoja siku 390 na ubavu wa pili siku 40. Katika historia yetu ya Kipentekoste, Aimee Semple McPherson alifungua Angelus Temple kule Los Angeles tarehe 1 Januari 1923, ukumbi wa viti 5,300, na akawa maarufu kwa mahubiri ya kuigiza, yenye mavazi na mandhari kama ya jukwaani. Yanayokumbukwa sana ni yale aliyoyahubiri akiwa amevaa sare ya askari wa trafiki, na pikipiki jukwaani, akiwasimamisha wenye dhambi wanaokimbilia jehanamu kwa kasi. Unaweza kupenda mtindo huo au usiupende. Lakini hakuna aliyeketi pale akadhani kweli amekamatwa na polisi. Kila mtu alijua ni mfano, na mfano ulimsaidia kuona.

Hapo ndipo ninapoona mpaka. Tofali la Ezekieli lilikuwa ujumbe wenyewe. Aliyeliangalia alianza kuelewa hapo hapo kwamba Yerusalemu utazingirwa. Ujumbe wetu wa simu ulikuwa chambo. Aliyeuangalia alianza kukosea, na ilibidi aje kanisani ndipo arekebishwe. Ubunifu unaomleta mtu karibu na kweli kabla hajafika mlangoni ni wa kibiblia. Ubunifu unaomtoa kwenye kweli ili afike mlangoni ni mtego, hata ukiwa na msalaba juu yake.

Nathani na mwana-kondoo

Kijana mmoja wa timu ya midia alinitetea kwa bidii, na alileta hoja ambayo sikuwa nimeifikiria. "Pasta, mbona Nathani?" Nabii Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya tajiri aliyenyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi aliiamini, akakasirika, akatoa hukumu. Hakuambiwa mwanzoni kwamba ni mfano. Sasa Nathani naye alidanganya?

Hoja nzuri. Niliilalia siku mbili. Nilichoona ni hiki. Nathani alisimama mbele ya Daudi mwenyewe, na mara tu hukumu ilipotoka alifunua kila kitu. Daudi hakwenda nyumbani na hadithi ile akaitegemea, hakutumia senti juu yake. Pia Nathani hakupata faida yoyote. Alihatarisha shingo yake mbele ya mfalme. Sisi tulimtumia hadithi mtu aliye mbali, tukamwacha nayo siku tatu, na faida ikawa yetu: viti kujaa.

Halafu nikaisoma tena 2 Samweli 12 nikashtuka. Nilikuwa nimejiweka nafasi ya Nathani. Lakini katika hadithi yenyewe kuna tajiri mwenye mifugo mingi, anapata mgeni, na badala ya kuchinja wa kwake anamchukua yule mmoja wa maskini. Sisi tulikuwa na vipaza sauti, bajeti na daftari la nambari. Tulipotaka kupamba karamu yetu, tulichukua usingizi wa mama mmoja. Mwana-kondoo alikuwa wake, na aliyemchukua ni mimi.

Na wale 14?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na sitaki kulipita haraka. Watu 14 walikuja mbele siku ile. Ninawajua kwa majina. Wengine wanahudhuria darasa la ubatizo sasa. Mmoja alikuwa ameacha kanisa miaka sita, na mke wake ananisimamisha njiani kunishukuru. Tusingetuma ule ujumbe, pengine asingekuja. Je, nijute?

Wengine wananiambia, "Pasta, Paulo mwenyewe aliandika Wafilipi 1 kwamba Kristo akihubiriwa kwa hila au kwa kweli, yeye anafurahi." Ni kweli. Lakini soma vizuri. Pale Paulo anazungumzia nia za wahubiri wenye wivu waliotaka kumwongezea taabu gerezani. Anafurahi kwamba Kristo anatangazwa. Hasemi kwamba ile hila ni njema, wala hatuambii tuiige. Katika Warumi 3:8 anakataa kwa ukali ile fikra ya kutenda mabaya ili mema yaje.

Nduguze Yusufu walimuuza, na Mungu akageuza jambo lile kuwa wokovu wa watu wengi. Yusufu alisema hivyo mwenyewe katika Mwanzo 50. Lakini je, nduguze walienda kuandaa semina ya jinsi ya kuuza ndugu? Mungu kutumia kosa langu ni sifa kwake. Si cheti kwangu. Kwa hivyo ninafurahi juu ya wale 14 kwa moyo wote, na ninatubu juu ya mmoja kwa moyo wote, na sitaacha furaha ile inipunguzie toba hii. Mchungaji mwema katika Luka 15 aliwaacha 99 kwa ajili ya mmoja. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu kama mfanyabiashara: 14 toa mmoja, faida 13.

Bei iandikwe

Chuoni tulifundishwa nguzo nne za uuzaji: bidhaa, bei, mahali, na utangazaji. Mwalimu wetu alisema bei isitangulie. Mwonyeshe mteja uzuri kwanza, akishapenda ndipo umwambie gharama. Duniani inafanya kazi.

Sasa mwangalie Bwana katika Luka 14:25. Umati mkubwa unamfuata. Mtu wa mauzo angepiga picha. Yeye anawageukia na kuwaambia bei: msalaba, na kumweka yeye mbele kuliko baba na mama. Anawaambia wakae chini wahesabu kama mtu anayejenga mnara. Katika Yohana 6 watu wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba, na anawaambia hivyo usoni. Wengi wanaondoka. Hawafuati nyuma kuwapunguzia masharti. Bei aliiandika kwa herufi kubwa, na neema akaitoa bure kabisa. Sisi tuliandika bure kwa herufi kubwa, na maana tukaiandika kwa herufi ndogo.

Na tusisahau tunaishi wapi. Tangu yaliyotokea Shakahola mwaka wa 2023, Mkenya wa kawaida akiona bango la mhubiri anajiuliza, "Hawa nao wanataka nini?" Ana haki ya kuuliza. Kila kanisa linalotangaza zaidi ya linachotoa linamwongezea sababu ya kutoamini, siku atakapoisikia kweli yenyewe.

Tulichofanya

Jumanne iliyofuata, wazee walikubali tutume ujumbe wa pili kwa nambari zile zile: kwamba ule wa Alhamisi ulikuwa tangazo la mahubiri, kwamba kanisa halijalipa mkopo wa mtu yeyote, kwamba tunaomba msamaha, na kwamba aliyekosa malipo kwa ajili yetu aje ofisini. Mzee mmoja alihofia kwamba waongo watapanga foleni. Walikuja watu watano. Mmoja wao sina hakika naye hadi leo. Tuliwalipa wote malipo waliyokosa, pamoja na faini, kutoka kwenye bajeti ya matangazo, na ndiyo maana wiki tatu za mwisho hamkuona bango lolote barabarani. Pia tuligundua kwamba wengi walioandika nambari zao kwenye daftari hawakuwahi kutupa ruhusa ya kuwatumia matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inatuhusu sisi pia. Daftari jipya lina mahali pa mgeni kukubali au kukataa.

Jumapili ya pili viti vya kuazima havikuhitajika. Jumapili ya tatu, ile ya mjane na mafuta, tulisoma kwamba Elisha hakumwambia deni halipo. Alimwambia auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki waishi nacho. Baada ya ibada, ndugu wawili wanaofanya kazi kwenye benki walikaa na watu mpaka saa tisa wakiwasaidia kupanga madeni yao kwenye karatasi. Hilo halikuwa kwenye bango lolote. Lingefaa kuwa la kwanza kuandikwa.

Yule mama nilimtembelea mara mbili. Anasali kwao, na sijamwomba ahamie kwetu. Mara ya mwisho alinikaribisha chai.

Kabla bango halijachapishwa

Kwa kamati ya mwezi ujao, na kwa kila idara inayotangaza mkutano, naomba tujiulize haya.

Kwanza, mtu asiyejua Biblia akisoma maneno haya, ataelewa nini? Msimuulize mshirika. Mpelekeeni muuza mboga pale steji, msikilize.

Pili, akiamini alivyoelewa na kufanya uamuzi kwa ajili hiyo, atapoteza nini?

Tatu, maneno haya tunaweza kuyasema madhabahuni hivi yalivyo, bila "lakini tulimaanisha"? Maana bango ni mahubiri ya kwanza. Mgeni huyasikia kabla ya kwaya na kabla ya pasta.

Nne, watu wasipokuja, bado tutakuwa tumefurahi kwamba tulisema kweli?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Nilitangaza kwamba deni limefutwa, na kwa tangazo lile lile nikaingia kwenye deni. Ashukuriwe Mungu kwa kuwa hati yangu nayo iligongomewa pale msalabani. Lakini zile 1,800 zilikuwa za kulipwa, na zililipwa.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliye kweli, tusamehe pale tulipotumia jina lako kujaza viti. Tupe ubunifu wa manabii na ulimi usio na hila. Wafariji wale tuliowapa tumaini la uongo, na utufundishe kuwaalika watu kama ulivyotualika sisi, kwa uwazi na kwa upendo. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:
1. Umewahi kualikwa mahali ukakuta kitu tofauti na ulichoambiwa? Ulijisikiaje?
2. Someni Luka 14:25-33. Kwa nini Bwana aliwaambia umati gharama mapema?
3. Kuna mtu unayepaswa kumtumia "ujumbe wa pili"? Utamtuma lini?